Kungoja Ndege Frankfurt na Kuingia Mjini

Mhariri wa gazeti letu ametuomba sisi tuliopita katika shule hii tuandike mambo yatakayowafaa wanafunzi waliopo sasa. Mimi si mwandishi. Ni mwalimu wa Jiografia, na tangu nitoke shuleni nimesafiri nje ya Afrika mara mbili tu. Lakini nimesikia kwamba wapo miongoni mwenu wanaojifunza Kijerumani kwa nia ya kwenda kusomea uuguzi au ufundi Ujerumani, na wengine wana ndugu wanaopita huko wakienda nchi za mbali. Basi nimeona niwaeleze jambo moja dogo ambalo mimi sikuelezwa na mtu: jinsi ya kungoja ndege katika uwanja wa Frankfurt, jinsi ya kuingia mjini, na jinsi ya kurudi kabla ndege haijakuacha. Nitalieleza kwa kufuata safari yangu ya Novemba 2024, maana nilifanya kosa moja kubwa, na kosa hilo linafundisha kuliko maelezo matupu.

Nilikuwa nakwenda Oslo, mji mkuu wa Norwe, kwa mafunzo ya walimu ya majuma mawili. Ndege yangu ilitoka Nairobi usiku, ikatua Frankfurt alfajiri, na ndege ya kwenda Oslo ilikuwa ya alasiri. Kati ya hizo mbili palikuwa na saa tisa na nusu. Sasa, katika mji huo wa Frankfurt anakaa mwenzangu niliyelala naye bweni moja katika shule hii kwa miaka minne. Jina lake silitaji, kwa kuwa sikumwomba ruhusa. Yeye ni muuguzi katika hospitali, na alikuwa hajafika nyumbani kwa miaka sita.

Nilipokwenda Singida kumwaga mama yake, alinipokea kwa furaha, kisha akatoa vitu vya kumpelekea mwanawe: chupa ya asali, mkebe wa samli, karanga za kukaanga kilo moja, barua, na sweta ya sufu aliyoifuma mwenyewe. Akaniambia, "Mwanangu, picha za simu mimi siziamini. Ukamtazame kwa macho yako, uje uniambie kama amekonda." Nikamwitikia, "Nimesikia, mama."

Hapo ndipo mafunzo yangalipaswa kuanza. Mzigo mkubwa unaoutoa kwa watu wa ndege Nairobi au Dar es Salaam huandikiwa kikaratasi cha mwisho wa safari. Wangu uliandikwa Oslo. Maana yake ni kwamba Frankfurt huuoni kabisa. Wapita chini kwa chini mpaka ndege ya pili. Kwa hiyo kila unachotaka kumpa mtu wa njiani sharti ukichukue katika mfuko wa mkononi, pamoja na dawa zako, koti zito na karatasi zote za safari. Lakini mfuko wa mkononi una sheria zake: kitu cha majimaji kinachozidi mililita 100 chaweza kukataliwa wakati wa kukaguliwa, na asali huhesabiwa kuwa majimaji. Ama samli, hiyo ina kizuizi kingine kikubwa zaidi. Nchi za Umoja wa Ulaya zinakataza msafiri anayetoka nchi kama zetu kuingiza nyama au kitu chochote cha maziwa, hata kidogo cha kula mwenyewe, kwa kuogopa maradhi ya mifugo. Nilimweleza mama yule kwa upole. Asali aliielewa. Samli hakuielewa, wala sidhani ameielewa mpaka leo, kwa kuwa samli yake haijapata kumdhuru mtu. Nikaondoka na karanga, barua na sweta.

Kabla ya kusema habari za mji yafaa nieleze habari za ruhusa, kwani wengi hudhani kuwa ukishatua mahali waweza kutoka nje kutazama. Sivyo. Ujerumani ni moja katika nchi 29 zilizofungamana kwa mapatano ya Schengen, na nchi hizo kwa mgeni ni kama nyumba moja yenye mlango mmoja. Ukishaingia kwa mlango wa Ujerumani, umeingia pia Norwe, Ufaransa, Italia na nyinginezo. Viza yangu ilitolewa kwa ajili ya Norwe, lakini kwa kuwa Frankfurt ndipo nilipoingilia, pasipoti yangu ilipigwa mhuri hapo, na kutoka hapo nilikuwa huru kwenda mjini. Viza hiyo ya muda mfupi ada yake tangu Juni 2024 ni yuro 90 kwa mtu mzima, nayo hutaka uwe na bima ya matibabu isiyopungua yuro 30,000. Huwezi kuipata uwanjani. Hutafutwa nyumbani, majuma mengi kabla ya safari.

Lakini mtu aendaye London, Toronto au Chicago kwa kupitia Frankfurt hana haja ya kuingia katika nyumba hiyo. Yeye hupita barazani. Mtanzania na Mkenya hawamo katika orodha ya pamoja ya Schengen ya watu wanaotakiwa viza hata kwa kukaa barazani, yaani ndani ya sehemu ya wasafiri wa kimataifa. Raia wa Kongo ya Kinshasa, Ethiopia na Somalia wamo. Kila nchi yaweza kuongeza majina yake, kwa hiyo ulizeni ubalozi kwanza. Na hapa pana mtego uliowanasa watu wazima wenye akili zao: mtu hununua tikiti mbili mbalimbali kwa kutafuta bei nafuu, moja ya kufika Frankfurt na moja ya kuondoka. Mzigo wake hauendelei wenyewe. Lazima atoke nje auchukue, autoe tena upya. Na kutoka nje hawezi kwa sababu hana viza. Unafuu wote wa bei huishia hapo. Asiye na viza na anunue tikiti moja ya safari nzima.

Mtego wa pili uko katika viza yenyewe. Tazama palipoandikwa idadi ya kuingia. Ikiwa imeandikwa mara moja, na wewe ukaitumia kutembelea Frankfurt ukiwa safarini kwenda Uingereza, basi imekwisha. Ukirudi kwa mkutano wako wa Berlin majuma mawili baadaye, mlango umefungwa, hata kama siku za viza bado zipo.

Ndege yetu ilitua saa kumi na moja na dakika arobaini alfajiri. Nje kulikuwa giza bado, na baridi ya Novemba si ya kufanyia mzaha. Mpaka tumeshuka, tumetembea ile njia ndefu, na nimepanga mstari mbele ya askari wa mpakani, saa nzima na zaidi ilikuwa imepita. Askari aliniuliza maneno matatu: naenda wapi, nitakaa siku ngapi, nitarudi lini. Nikampa barua ya mwaliko na tikiti ya kurudia. Angalieni, hizo zilikuwa mfukoni mwangu. Aliyenitangulia alikuwa amezitia katika mzigo mkubwa, na mzigo ulikuwa njiani kwenda kwingine. Aliwekwa kando, na nilipoondoka alikuwa bado amesimama. Siku zile tulipigiwa mhuri. Tangu tarehe 12 Oktoba 2025 nchi hizo zimeanza utaratibu mpya wa kumwandika mgeni kwa mashine, kwa picha ya uso na alama za vidole, na kwa mgeni wa mara ya kwanza kazi hiyo huchukua muda. Muuweke katika hesabu zenu.

Sasa nakuja kwenye kosa langu.

Nilipokuwa Nairobi nikingoja kupanda, mwenzangu alinipelekea ujumbe: "Tuonane saa 9 Hauptbahnhof, nje, chini ya sanamu ya Atlas." Hauptbahnhof ndiyo stesheni kuu ya reli. Niliposoma moyo ulinianguka. Ndege yangu ya Oslo ilikuwa ya saa tisa na dakika kumi alasiri. Yaani yeye anataka tuonane dakika kumi kabla ndege haijaruka! Nikadhani yuko kazini mpaka mchana na amekosea hesabu. Nikamwandikia, "Saa 9 haifai, nitakuwa ndegeni," lakini hakujibu. Alikuwa zamu ya usiku, na simu yake ilikuwa ndani ya kabati la wauguzi.

Basi nilipokwisha kupita kwa askari nikakaa kwenye benchi. Nilikaa saa mbili na nusu. Nilisoma gazeti la watu nisilolielewa, nikala kipande cha mkate, nikaitazama ile sweta, nikafikiri jinsi nitakavyomwambia mama yule kwamba nilifika mlangoni kwa mwanawe nikamkosa. Nikawa natafuta hata pa kununulia stempu niipeleke barua kwa posta. Hata saa tatu na nusu asubuhi simu ikalia: "Nipo hapa tangu saa 9, baridi inaniua. Uko wapi wewe bwana?"

Nikatazama saa kubwa ya ukutani. Imeandika 9:32.

Ndugu wasomaji, mmekwisha kuelewa. Sisi huhesabu saa zetu tangu jua kuchomoza; saa tatu kwetu ni 9 kwao. Mwenzangu, baada ya miaka sita ya kuamka kwa saa za hospitali ya Kijerumani, alikuwa amesahau kuhesabu kwetu. Aliandika tarakimu 9 akiwaza kwa Kijerumani, nami nikaisoma kwa Kiswahili. Kosa hili sikuliona katika kitabu chochote cha wasafiri, kwa kuwa vitabu hivyo huandikwa na watu wasio na saa zetu. Dawa yake ni rahisi: mkipatana na mtu aliye Ulaya, hata awe ndugu yako wa tumbo moja, andikeni tarakimu nne kama zilivyo kwenye tikiti, 09:00 au 15:10, na mtaje asubuhi au mchana. Ukiona tarakimu za namna hiyo, ondoa sita upate saa ya Kiswahili: 13:00 ni saa saba mchana, 15:10 ni saa tisa na dakika kumi. Kuanzia 19:00 ondoa kumi na nane. Kisha kumbukeni kwamba saa ya Ujerumani iko nyuma ya yetu kwa saa mbili wakati wa baridi na kwa saa moja wakati wa joto, kwani wao husogeza saa zao Jumapili ya mwisho ya Machi na ya mwisho ya Oktoba. Na wale mnaojifunza Kijerumani mtakuta jambo jingine: Mjerumani akisema "halb zehn", nusu ya kumi, hana maana ya kumi na nusu. Ana maana ya 9:30, nusu ya kuiendea kumi.

Niliinuka kwenye benchi nikaufuata ubao ulioandikwa Ausgang, yaani mlango wa kutokea. Yafaa mjue maneno machache ya mbao hizo: Ankunft ni kufika, Abflug ni kuondoka kwa ndege, Bahnhof ni stesheni, na Gleis ni njia ya reli ambayo gari lako litasimama. Neno Schule mtalitambua wenyewe, kwani shule yetu tumeipata kwao. Uwanja wa Frankfurt una majengo zaidi ya moja, na stesheni ya magari ya kwenda mjini iko chini ya jengo la kwanza. Aliyetua jengo jingine hupanda kwanza kigari kidogo cha umeme kisicho na dereva, ambacho hakilipiwi, kimlete jengo la kwanza.

Angalieni pia kwamba stesheni ziko mbili. Ile ya magari ya mbali, yaendayo Köln, München na miji mingine, iko upande wake peke yake na njia zake ni namba 4 hadi 7. Ya kwenda mjini ni ile nyingine, yenye njia namba 1 hadi 3. Magari yake huitwa S-Bahn, na yatufaayo ni S8 na S9. (Mimi huita gari moshi kwa mazoea yetu, ingawa hayana moshi, yote ni ya umeme.) Tikiti hununuliwa kwenye mashine, nayo yaweza kusomwa kwa Kiingereza. Mimi nililipa zaidi kidogo ya yuro sita kwa kwenda tu. Ukikusudia kurudi, linganisha na tikiti ya siku nzima inayoutaja uwanja wa ndege ndani yake, maana mara nyingi bei hukaribiana, na ile ya siku yakuruhusu kupanda gari lolote la mjini. Hakuna mlango wa kuzuia asiye na tikiti. Waingia kama sokoni. Mgeni asidanganyike kwa hilo. Wakaguzi hupita wamevaa nguo za kawaida, na asiye na tikiti hulipa yuro 60 papo hapo, awe mgeni au mwenyeji. Frankfurt tikiti ya mashine huwa tayari kutumika. München na Berlin zipo za kugonga kwanza katika kisanduku, na isiyogongwa huhesabika kuwa si tikiti.

Jambo la kuangalia zaidi ni upande. S8 na S9 hupita uwanjani zikienda pande zote mbili: upande mmoja Frankfurt, Offenbach na Hanau, upande wa pili Mainz na Wiesbaden. Kwa haraka yangu nilikuwa nimeshaweka mguu mmoja katika gari lililoandikwa Wiesbaden, jina ambalo halikuniambia chochote. Nilimwuliza mama mmoja mzee, "Frankfurt?" akanitikisia kidole, akaonyesha upande wa pili. Ningalikwenda huko, nisingaliandika makala hii. Gari la kweli lilikuja baada ya dakika chache, na safari yote mpaka stesheni kuu haifiki robo saa. Uwanja uko yapata kilomita 12 tu kutoka katikati ya mji. Hii ndiyo sababu Frankfurt ni mji mwema kwa msafiri mwenye saa chache. München, mathalani, yataka dakika arobaini za gari kwenda na nyingine arobaini kurudi. Na mnaponunua tikiti ya ndege, tazameni vizuri jina la uwanja: upo mwingine uitwao Frankfurt-Hahn, nao uko yapata kilomita 120 kutoka mji huo. Kadhalika upo mji mwingine uitwao Frankfurt, wa mto Oder, mpakani mwa Polandi. Wetu ni wa mto Main.

Stesheni kuu ya Frankfurt ilifunguliwa mwaka 1888, nayo ni kubwa kiasi cha kumfanya mtu anong'one. Juu ya mlango wake wa mbele amesimama Atlas wa shaba akiubeba ulimwengu mabegani, na chini yake, saa nne na dakika ishirini, alikuwa amesimama mwenzangu amejikunyata, hajalala tangu jana. Hatukusema neno kwa muda. Kisha akasema, "Umechelewa kama siku zote," nami nikamjibu kwamba ni yeye aliyesahau saa za kwao. Tulicheka mpaka watu wakatutazama, na Wajerumani si watu wa kutazama-tazama.

Mtaa ulio mbele ya stesheni una watu wengi walioharibiwa na madawa ya kulevya. Wamekaa vibarazani, hali yao ya kusikitisha. Hawakutusumbua, lakini mwenzangu alinionya niufunge mfuko na nisitoe pesa hadharani. Tulifuata barabara ya Kaiserstraße kwa miguu, na baada ya mwendo wa dakika kama ishirini tukafika Römerberg, uwanja wa mji wa kale. Hapo pana Römer, nyumba ambayo mji umeitumia kuwa halmashauri yake tangu mwaka 1405. Nyumba za mbao zinazouzunguka uwanja ule zaonekana za kale sana, lakini mwenzangu aliniambia nisidanganyike: karibu mji wote wa kale uliteketea kwa mabomu Machi 1944, na nyingi katika hizi ni mpya, zimejengwa upya kwa mfano wa zamani. Sehemu iliyo karibu na kanisa kuu ilikamilika mwaka 2018 tu. Karibu na hapo liko kanisa la mviringo la Paulskirche, ambamo wajumbe wa Ujerumani yote walikutana mwaka 1848 kutunga katiba. Wanafunzi wa Historia watanionea wivu. Mimi, kusema kweli, nililitazama kwa jicho moja, maana jicho la pili lilikuwa linamtazama mwenzangu kama nilivyoagizwa.

Tuliingia mahali pa kahawa. Hapo alinifundisha mambo madogo ambayo mgeni hayajui. Chupa ya plastiki ya maji ina rehani ya senti 25 ndani ya bei yake, kwa hiyo usiitupe. Irudishe kwenye mashine ya duka upewe fedha yako. Maji ya bomba ni safi ya kunywa. Choo cha stesheni hulipiwa, cha uwanja wa ndege ni bure. Chukua noti na sarafu kidogo, kwani yapo maduka madogo yasiyopenda kadi. Jumapili maduka ya mjini hufungwa, isipokuwa ya stesheni na ya uwanja wa ndege. Kwenye ngazi za umeme simama kulia, uwaachie kushoto wenye haraka. Soseji nyingi ni za nguruwe. Asiyekula na aulize kwanza. Na taa ya waendao kwa miguu ikiwa nyekundu, ngoja, hata kama hakuna gari hata moja mpaka upeo wa macho, hasa wakiwapo watoto, maana mama zao watakukemea.

Nilimpa barua. Aliisoma mara mbili akaikunja, akatazama nje. Kisha akaivaa sweta pale pale juu ya shati, nayo ilikuwa ndogo, mikono inaishia juu ya viwiko vya mkono kidogo. Hakuivua. Tukatembea mpaka kwenye daraja la chuma la waendao kwa miguu, Eiserner Steg, lililojengwa miaka ya 1868 na 1869, tukasimama katikati tukitazama mto Main na maghorofa marefu ya mabenki. Tulikula karanga nusu ya mfuko. Aliniuliza habari za kila mtu, hata za mpishi wa shule.

Nami nilikuwa natazama saa, kwani hesabu yangu nilikuwa nimeifanya kwa kurudi nyuma, na hii ndiyo hesabu ninayowaomba muijifunze. Usianze na saa uliyotua. Anza na saa ya ndege kuruka. Yangu ilikuwa 15:10. Mlango wa ndege hufungwa mapema, basi nikasema niwe mlangoni 14:30. Kukaguliwa na kutembea ndani ya uwanja ule mkubwa, nikaweka saa moja na dakika ishirini. Hiyo ni 13:10. Gari la kutoka stesheni kuu na kulingoja, nikaweka nusu saa: 12:40. Kwa hiyo saa sita na dakika arobaini mchana ilikuwa saa yangu ya kuagana, hata kama mazungumzo ni matamu namna gani. Aendaye nchi isiyo ya Schengen, kama Uingereza au nyumbani, aongeze nusu saa ya pasipoti. Mwenzangu alisema nimejipa muda mwingi mno. Lakini sifa ya magari ya Wajerumani kutochelewa ni ya zamani. Kampuni yao ya reli yenyewe ilitangaza kwamba mwaka 2024 katika magari ya masafa marefu ni asilimia 62.5 tu yaliyofika kwa wakati. Haya ya mjini ni afadhali, lakini panda gari moja kabla ya lile unalolihitaji.

Basi katika saa tisa na nusu za tikiti yangu, mji niliupata kwa saa mbili na dakika ishirini. Ningaliisoma ile tarakimu sawasawa ningalipata karibu saa tano. Mwenye saa nne asitoke kabisa. Na alale kwenye benchi na shuka lake. Mwenye sita ale chakula mjini arudi. Mwenye nane na kuendelea ndiye aseme anakwenda kutembea.

Tuliagana chini ya Atlas. Nilipanda gari la 12:47 lililoandikwa Wiesbaden, na safari hii Wiesbaden ndio ulikuwa upande wangu. Saa nane nilikuwa mbele ya mlango wa ndege, nimekaa, nina dakika zangu za akiba.

Niliporudi nyumbani Desemba nilikwenda Singida. Mama yule hakuniuliza habari za Ulaya. Aliniuliza, "Amekonda?" Nikamwambia, "Hapana, mama, amenenepa kidogo." Akanyamaza, akapima kwa mikono upana wa mabega hewani. "Basi ile sweta itakuwa inambana," akasema, akaingia ndani kutafuta sufu.